Duka la barazani lenye ngazi tatu: mteja wa kiti cha magurudumu aingie vipi?

MamaVitambaa_Nakuru aliuliza:

Hamjambo wanabaraza. Mimi na mume wangu tunauza vitambaa na sare za shule katikati ya jiji la Nakuru, katika mojawapo ya yale majengo ya zamani yenye baraza ndefu inayotumiwa na maduka manne, ambayo iliinuliwa ili maji ya mvua yasiingie ndani. Kutoka barabarani hadi barazani pana ngazi tatu, kila moja ikiwa na kimo cha sentimita 16, na mlangoni mwetu pana kizingiti cha sentimita 5 hivi. Upana wa baraza ni mita 2.

Tunao wateja wanaotumia viti vya magurudumu, akiwemo mama mmoja aliyepooza upande mmoja ambaye huja na binti yake kununua sare za wajukuu. Kwa sasa huwa tunawahudumia kando ya barabara. Kijana wetu hushuka na majora mawili matatu begani, mteja akachagua pale pale huku pikipiki zikimpita mgongoni, na kama rangi anayoitaka haimo katika yale majora, kijana hupanda tena na kushuka tena mpaka mteja anaona haya na kuchukua chochote kilicho mbele yake. Sipendi biashara ya namna hiyo, na naamini yeye pia haipendi.

Mwenye jengo anasema hakuna haja ya kujenga kitu, kwani vijana wapo na wanaweza kumbeba mteja pamoja na kiti chake. Fundi wa vyuma aliye jirani yetu amejitolea kutuchomelea mteremko wa bati wenye urefu wa mita 1.5, wa kuwekwa mteja anapofika na kuondolewa anapoenda. Ningeomba kujua mambo haya: je, mita 1.5 inatosha? Gharama ni ya nani, mpangaji au mwenye jengo? Sheria inasema nini? Na je, mteja akishaingia, ndani ya duka kuna jambo linalohitaji kubadilishwa?

---

Mwalimu_Kisumu alijibu:

Dada, nashukuru kwamba umeuliza kabla ya kujenga, maana wengi huuliza baada ya zege kukauka. Mimi hutumia kiti cha magurudumu, na ununuzi wangu mwingi naufanya hapa Kisumu, kwa hiyo nitakujibu kama mteja na kuwaachia mafundi hesabu zao.

Kwanza, suala la kubebwa. Nakusihi uliondoe kabisa katika mipango yenu. Viti vingi vinavyokunjwa vina sehemu za kuegemeza mikono na za kuwekea miguu zinazochomoka, na kijana asiyejua huinua kiti kwa kushika hapo hapo. Sehemu ile huchomoka ikabaki mkononi mwake, na mteja akabaki ameinama upande mmoja juu ya ngazi ya pili. Kiti cha umeme nacho kina uzito wa kushinda wanaume wawili hata kabla mwenyewe hajakikalia. Hapo sijataja aibu ya mama mtu mzima kushikwa kiunoni na vijana asiowajua mbele ya umati wa watu wanaosubiri matatu. Katiba yetu katika Ibara ya 54 imeanza na haki ya kutendewa kwa heshima kabla haijafika kwenye haki ya kufika mahali, na mimi naona mpangilio huo ni wa busara.

Pili, bati la mita 1.5 kwa kimo cha sentimita 48 litakuwa na mwinamo wa karibu 1 kwa 3. Sijui mtu yeyote anayeweza kuupanda peke yake. Hata akisukumwa, magurudumu madogo ya mbele yatainuka na kiti kitataka kurudi kinyumenyume kwa anayesukuma. Wakati wa kushuka, mtu aliyepooza upande mmoja, kama huyo mteja wako, hana namna ya kujizuia asiteleze kutoka kitini.

Tatu, na hili ndilo ningependa walisome wote wanaojenga majumba ya biashara huku kwetu: mteremko wa mlangoni ni kipande kimoja tu cha safari. Mteja huanzia pale aliposhukia, akaingia, akafika kwenye rafu, akalipa, akaenda msalani akihitaji, akarudi alikotoka. Kipande kimoja kikikatika, vilivyobaki vyote ni mapambo.

Kuna jumba la maduka hapa Kisumu, sitalitaja, lenye mteremko mzuri sana wa kuingilia. Umewekewa vyuma vya kushikilia, hata rangi ya njano pembeni. Ukifika juu unakutana na mlango mzito wa kioo unaofungukia nje, na hakuna sakafu tambarare ya kusimama unapoufungua, kwa sababu mteremko unaishia mlangoni penyewe. Kuuvuta mlango kunahitaji mkono mmoja, kuzuia kiti kisirudi nyuma kunahitaji miwili, na mimi nina miwili tu kwa jumla. Basi husubiri mlinzi. Mlinzi ni kijana mwema, lakini akiwa anakagua mikoba upande wa pili hanioni, kwa kuwa nimekaa chini ya kimo cha macho yake.

Ukishaingia, supamaketi iliyomo imeweka nguzo za chuma mlangoni ili toroli zisitoke nje. Nafasi kati ya nguzo na nguzo ni ndogo kuliko kiti changu. Pembeni kuna kijilango kwa ajili ya watu kama mimi, ila kina kufuli, ufunguo anao msimamizi, na msimamizi aghalabu yuko stoo. Benki na kliniki ziko ghorofani. Lifti ipo, lakini jenereta yao huendesha taa na mashine za keshia tu, kwa hiyo stima ikipotea lifti husimama. Siku hizo, anayehitaji kliniki hurudi nyumbani akiwa na ugonjwa wake. Choo chenye alama ya kiti cha magurudumu kipo pia, nacho ndimo zinamowekwa ndoo, mapipa ya sabuni na vitambaa vya kupigia deki.

Nje hali imeboreka, na ni haki niseme hivyo. Njia za waenda kwa miguu zilizotengenezwa katikati ya jiji kabla ya mkutano wa Africities wa Mei 2022 zilirahisisha mambo mengi, kwani kuna sehemu ninazoweza kwenda bila kuingia barabarani. Tatizo ni kwamba pale ukingo ulipoteremshwa ili kiti kipande, ndipo mwenye bodaboda anapoona pamefaa kuegesha, kwa sababu ile ile iliyopafanya panifae mimi. Tuktuk nayo hunisaidia kuliko matatu: dereva hukikunja kiti na kukiweka nyuma, nami nikahamia kwenye siti bila kupanda ngazi za gari. Kwa hiyo, dada, fikiria pia mteja wako atashukia wapi. Kama anashukia ng'ambo ya mtaro wazi, mteremko wako hata uwe wa marumaru hautamfikisha.

---

Mchora_Ramani_Kakamega alijibu:

Naunga mkono yaliyosemwa na Mwalimu, na nitaongeza vipimo, kwa kuwa hii ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Mwinamo unaokubalika na wengi duniani kwa mteremko wa kiti cha magurudumu ni 1 kwa 12, maana yake kila sentimita 1 ya kupanda huhitaji sentimita 12 za urefu. Kwenu kimo ni sentimita 48, kwa hiyo urefu ni sentimita 576, yaani karibu mita 5.8, bila kuhesabu sehemu tambarare. Chini na juu panatakiwa pawe na sakafu tambarare ya angalau mita 1.5, ili kiti kiweze kusimama na kugeuka. Nafasi ikiruhusu, mimi hupendelea 1 kwa 15, hasa pale ambapo mteja anajisukuma mwenyewe kwa mikono. Kwenu itakuwa mita 7.2.

Ruhusa ya mwinamo mkali kuliko 1 kwa 12 ipo, lakini ni finyu. Kanuni za Marekani za mwaka 2010, kwa mfano, huruhusu 1 kwa 10 katika jengo la zamani lisilo na nafasi, mradi kimo kisizidi takriban sentimita 15, na 1 kwa 8 kwa kimo kisichozidi sentimita 7.5. Ninyi mna sentimita 48, basi hamwingii katika ruhusa hiyo. Kizingiti chenu cha sentimita 5 kingeweza kuingia, ila hakuna sababu ya kubana: kabari ya sentimita 60 kwa ndani au kwa nje italeta ule ule uwiano wa 1 kwa 12. Bora zaidi ni kukikata kizingiti chenyewe, ikiwa maji hayafiki pale.

Swali kubwa ni mahali pa kuuweka mteremko. Mbele moja kwa moja haiwezekani, kwa kuwa utaingia barabarani. Kuuchonga ndani ya baraza kutakula mita 1.2 kati ya mita 2 mlizo nazo, na majirani watabaki na njia ya sentimita 80, jambo litakalozua ugomvi ambao hakuna mchoro utakaoutatua. Njia ninayoiona ni kuujenga mwishoni mwa baraza, ukifuata mstari wa jengo, ili baraza yenyewe iwe ndiyo sakafu tambarare ya juu. Faida yake ni kwamba mteremko mmoja utahudumia maduka yote manne, na gharama itagawanywa. Naomba uniambie kama upande wowote wa jengo una uchochoro au nafasi ya magari.

Upana wa njia uwe mita 1.2. Pande zote mbili pawe na ukingo wa sentimita 5 hadi 10 ili gurudumu lisitoke nje, na vyuma vya kushikilia vyenye kimo cha sentimita 85 hadi 95, virefushwe sentimita 30 kupita mwanzo na mwisho wa mteremko. Wazee wanaotembea kwa mkongojo watavitumia vyuma hivyo kuliko mtu mwingine yeyote. Juu ya zege pasiwekwe vigae vinavyong'aa. Fundi apitishe ufagio mgumu kukingama na njia kabla saruji haijakauka, ili pabaki mikwaruzo ya kushika tairi wakati wa mvua. Nimeona miteremko mingi mizuri iliyoharibiwa na vigae, na mvua za huku magharibi na za Bonde la Ufa hazimwonei huruma mtu.

---

Mwenye_Jengo_Kitale alijibu:

Naheshimu maoni ya wote, lakini tusidanganyane. Mimi ninamiliki jengo lenye maduka sita, na katika miaka yote hii watumiaji wa viti vya magurudumu walioingia humo ni wachache mno. Kodi ya ardhi ninalipa, leseni zinalipwa, wapangaji wanachelewesha kodi ya nyumba, na sasa natakiwa nijenge mteremko wa mita 6 kwa ajili ya mteja anayekuja mara moja kwa mwaka. Kama kuna kengele mlangoni na kijana wa kumhudumia mteja nje, haki gani imevunjwa? Hata mwenye duka aliyeuliza swali hili anakiri kwamba wateja wake wanahudumiwa.

---

Mwalimu_Kisumu alijibu:

Mzee wangu wa Kitale, hao wachache ulioona wakiingia ndio walioweza kuingia. Waliokuja, wakatazama ngazi na kugeuza viti vyao, hukuwaona kwa sababu hawakufika mlangoni kwako. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu Wakenya wapatao laki 9, takriban asilimia 2.2, kuwa wenye ulemavu wa aina fulani, na ugumu wa kutembea ndio uliotajwa na wengi kuliko aina nyingine zote. Si wote wanaotumia viti, lakini ngazi tatu zisizo na pa kushikilia zinawatesa wote. Mama mwenye mtoto kwenye kigari, mjamzito, mzee wa magoti na kijana anayesukuma mkokoteni wa kuleta mizigo yako watapita pale pale.

Kuhusu kengele, siipingi kama hatua ya muda. Iwekwe kwa kimo cha mita 1 hivi, isiwe juu ya ngazi ya tatu kama nilivyowahi kuona. Lakini kuhudumiwa nje si sawa na kununua. Kitambaa hununuliwa kwa kushikwa, kukunjuliwa, kulinganishwa na kingine na kuulizwa bei bila kulazimika kununua. Mtu anayeletewa vitu kando ya barabara huchaguliwa, hachagui.

---

Msaidizi_wa_Sheria_Busia alijibu:

Nitajibu sehemu ya sheria, nikizingatia pia hoja ya mzee wa Kitale.

Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 54, inampa kila mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kwa njia inayofaa katika mahali pote, vyombo vya usafiri wa umma na habari. Ibara ya 27 inakataza ubaguzi kwa msingi wa ulemavu, na katazo hilo halihusu serikali peke yake, bali pia mtu binafsi. Kabla ya hapo, mwaka 2008, Kenya ilikuwa imeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao katika Ibara ya 9 unataja waziwazi kwamba mashirika na watu binafsi wanaotoa huduma kwa umma wanapaswa kuzingatia ufikikaji.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ndiyo iliyoleta wajibu huo hadi mlangoni mwa mwenye jengo. Kifungu cha 22 kilimtaka mmiliki wa jengo linalotumiwa na umma alirekebishe ili liwafae watu wenye ulemavu, kikampa miaka 5 tangu kifungu hicho kianze kutumika. Kilianza tarehe 1 Januari 2010, kwa hiyo muda wa kujiandaa uliisha zamani. Kifungu cha 24 kiliruhusu Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu kutoa amri ya marekebisho kwa mwenye jengo, na marekebisho hayo kufanywa kwa gharama yake mwenyewe. Kifungu cha 25 kilikataza kumnyima mtu nafasi ya kuingia au huduma kwa sababu ya ulemavu wake peke yake, na hata kilimzuia mwenye mahali kujificha nyuma ya lile bango la kwamba haki ya kuingia iko mikononi mwake. Sheria hiyo sasa imepisha ile mpya ya mwaka 2025, na anayeandika barua leo aitaje hiyo mpya. Nimeieleza ya zamani kwa kirefu kwa sababu moja: hakuna mwenye jengo la zamani anayeweza kusema kwamba wajibu huu umemshukia ghafla.

Kuhusu nani alipe kati ya mpangaji na mwenye jengo, soma kwanza mkataba wenu wa upangaji. Kwa kawaida ngazi, baraza na sehemu za pamoja ni za mwenye jengo, ilhali kaunta, rafu na mpangilio wa ndani ni wa mpangaji. Mkataba mwingi pia unamkataza mpangaji kubadilisha muundo bila idhini ya maandishi. Kwa hiyo usijenge kwa makubaliano ya mdomo, hata kama mwenye jengo ni mtu mnayesalimiana kila asubuhi. Mwandikie barua yenye mchoro na makadirio ya gharama, ikiwezekana itiwe saini na wapangaji wote wanne. Mtu mmoja akiandika huonekana mkorofi, wanne wakiandika huwa ni wapangaji wenye hoja.

Jambo la mwisho: ikiwa mteremko utatoka nje ya mpaka wa kiwanja na kuingia kwenye njia ya waenda kwa miguu, mtahitaji ruhusa ya serikali ya kaunti. Hata ukiwa ndani ya mpaka, badiliko la muundo wa jengo lazima lipitie ofisi ya mipango ya kaunti, chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Askari wa kaunti hana mazoea ya kuuliza nia yako ilikuwa njema kiasi gani anapokuja kubomoa.

---

Rafu_na_Kaunta_Bungoma alijibu:

Nimefanya kazi ya kupanga rafu na baadaye ya usimamizi katika supamaketi, kwa hiyo nitagusa swali la ndani ya duka, ambalo naona limepitwa haraka.

Viti vingi vina upana wa sentimita 60 hadi 70, na mikono inayosukuma huongeza sentimita kadhaa kila upande. Njia kati ya rafu na rafu ikiwa sentimita 90, kiti kitapita, lakini hakitageuka. Ili kigeuke kinahitaji duara la mita 1.5, basi hakikisha nafasi hiyo inapatikana angalau mwisho wa kila njia na mbele ya kaunta. Katika maduka mengi vipimo hivi vipo kwenye mchoro na havipo sakafuni, kwa sababu kila Ijumaa mwenye bidhaa huja na kuomba nafasi ya kupanga katoni za sukari au unga wa ofa katikati ya njia. Rafu hazijasogea hata kidogo, na bado njia imefungwa. Kwa duka la vitambaa, nashuku adui ni marobota yanayowekwa sakafuni siku mzigo unapofika, na zile sanamu za kuvalishwa sare zinazosimamishwa mlangoni.

Kaunta ndiyo inayosahaulika. Kaunta nyingi zina kimo cha mita 1.1 au zaidi, na ukiwa umekaa unaona ubao tu. Sehemu moja yenye upana wa sentimita 90 iteremshwe hadi sentimita 80 hivi, na chini yake pawe wazi ili magoti yaingie. Kwa duka lenu, meza ya kukatia vitambaa inaweza kufanya kazi hiyo bila kununua kitu kipya. Mkilipwa kwa kadi, mashine iwe na waya mrefu au iwe ya kubebwa. Nimeshuhudia keshia akimwomba mteja ataje namba yake ya siri kwa sauti kwa sababu waya haukufika, na waliokuwa nyuma kwenye foleni walikuwa wakisikiliza kwa makini kuliko keshia. Namba ya kulipia kwa M-Pesa nayo ibandikwe mahali mtu aliyekaa anaweza kuisoma, isiwe ukutani juu ya kichwa cha muuzaji.

Na chumba cha kujaribia nguo, kama mnacho, pazia ni bora kuliko mlango.

---

MamaVitambaa_Nakuru aliandika:

Nawashukuru nyote kwa uungwana na kwa muda wenu. Bati la mita 1.5 tumeachana nalo.

Kumjibu aliyeuliza kutoka Kakamega: mwishoni mwa baraza, upande wa kushoto, pana njia ya magari ya mizigo iliyo ndani ya kiwanja. Nimeipima, nayo ina urefu wa mita 8 na nusu kutoka ukingo wa baraza hadi ukuta wa nyuma, na upana wake ni mita 3 na kidogo. Wenye duka la viatu na wa duka la dawa wamekubali kutia saini barua. Mwenye duka la dawa alikubali kabla sijamaliza maelezo, kwani wateja wake wengi ni wagonjwa. Wa nne anasita kuhusu gharama, lakini hakukataa. Nitamwandikia mwenye jengo nikifuata maelekezo ya Busia, na kuhusu ndani tumeanza jana: robota zimehamia juu, na meza ya kukatia imeletwa mbele.

Nina maswali mawili. Je, mita 8.5 inatosha, na lori la mizigo litapita wapi? Na kati ya njia hiyo na barabara kuna mtaro wenye vifuniko vya vyuma ambavyo tayari vimeachana. Je, vinafaa kuachwa?

---

Mchora_Ramani_Kakamega alijibu:

Mita 8.5 inatosha kwa mwinamo wa 1 kwa 12. Mteremko utachukua mita 5.8, itabaki mita 2.7 ya sakafu tambarare chini, na kiti kitageuka bila taabu. Hata 1 kwa 14 inawezekana, yaani mita 6.7, na itabaki mita 1.8. Mimi ningechagua hiyo ya pili, maana mteja wako amepooza upande mmoja na anayemsukuma ni binti yake. Mteremko ukibandikwa kando ya ukuta, pamoja na kingo zake utakula mita 1.4 hivi, na njia itakayobaki ya mita 1.6 haitoshi lori wala pikapu. Kwa hiyo mkubaliane mapema kwamba mizigo itashushiwa mwanzo wa njia na kupandishwa kwa mkokoteni juu ya huo huo mteremko. Vibarua watawashukuru.

Kabla ya zege kumwagwa, fundi achore mwinamo ukutani kwa chaki, apime kwa pima maji kila mita moja, kisha wewe mwenyewe upime tena. Mafundi wengi hujenga mteremko wa juu vizuri na kuharakisha mita ya mwisho, ambapo mwinamo huwa mkali ghafla na sehemu ya kuwekea miguu hugonga sakafu.

Vifuniko vya mtaro visiachwe hivyo. Gurudumu dogo la mbele likiingia kwenye mwanya, kiti husimama papo hapo na aliyekikalia huendelea mbele. Mianya isizidi sentimita 1.3, na nondo za kifuniko zilale kukingama na mwelekeo wa magurudumu, zisiwe sambamba nayo. Kama kaunti itachelewa kuvibadilisha, ombeni ruhusa ya kuweka bamba la zege lenye matundu, upana wa mita 1.5, pale tu ambapo mteja anavuka kutoka alikoshukia.